Anayefungwa Alipe Soda: Mzaha au Kamari?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Kila anayekaa hosteli hapa Kampala anaijua matatu, nami nakusudia karata, si gari. Wawili hugawiana karata saba saba. Ikitoka saba ya kukata, mchezo husimama, kila mmoja akahesabu alama zilizobaki mkononi mwake, na mwenye nyingi ndiye aliyefungwa. Aliyefungwa hutuma mtu Wandegeya kuleta soda na rolex. Nyuma ya wachezaji husimama wengine ambao hawakushika hata karata moja, nao wana dau lao la pembeni: "Mimi niko na huyu, kwa soda." Hakuna fedha inayowekwa mezani. Ukiuliza, utajibiwa, "Hii si kamari, ni soda tu."

Nami nilikuwa mmoja wa waliojibu hivyo.

Katika mwaka wangu wa pili tulikuwa vijana watano, wote Waislamu, tukicheza baada ya Sala ya Isha. Mimi ndiye niliyeshika daftari, maana aliyekosa fedha siku hiyo aliandikwa. Ndugu yetu mmoja alifikia soda kumi na moja na rolex sita. Kwa mwenye uwezo hicho si kitu. Kwa yeye aliyepika maharage ya kumtosha siku tatu, kilikuwa chakula cha wiki. Hatukumdai kwa ukali. Tulimtania tu, kila alipotokea, mmoja wetu aliuliza daftari liko wapi, tukacheka.

Baadaye tukaona haji tena msikitini, si Alfajiri wala Isha. Tukasema imani imempungua, na mimi nikatumwa kumnasihi. Nilimkuta chumbani kwake, mkeka wa kusalia umekunjwa kando ya kitanda. Aliniambia, "Kaka, ninasali. Ila safu ya mbele pale msikitini imejaa watu wanaonidai."

Sikuwa na jibu. Katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, Allah ameiweka kamari pamoja na ulevi, na akabainisha anachokitaka shetani humo: atie uadui na chuki baina yetu, na atuzuie na kumkumbuka Yeye na kusali. Aya hizo nilikuwa nimezihifadhi. Nilidhani zinawahusu watu wa kasino. Kumbe shetani alikuwa amepata yote mawili kwa soda kumi na moja, na mwandishi wake nilikuwa mimi.

Ndugu zangu, tuitazame kamari yenyewe iliyokuwapo wakati aya ziliposhuka. Wafasiri wanaeleza kwamba Waarabu wa zama za ujahilia walinunua ngamia, wakamchinja, wakamgawa mafungu, kisha wakapiga kura kwa mishale kumi. Mishale saba ilikuwa na mafungu, mitatu haikuwa na kitu, na aliyetokewa na mshale mtupu ndiye aliyelipa thamani ya ngamia. Na walioshinda hawakuila nyama ile; waliwapa maskini, wakajifaharisha kwa ukarimu. Kwa hiyo dau lao lilikuwa chakula, na chakula chenyewe kililiwa na wenye njaa. Allah hakukana kwamba kuna faida humo. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, ametaja kuwa zipo faida kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko faida. Basi ikiwa nyama ya maskini haikuihalalisha kamari, soda yetu itaihalalisha vipi?

Wengine husema, "Lakini tumeridhiana." Riba nayo watu huridhiana. Ridhaa ya wawili haihalalishi alichoharamisha Allah. Katika Suratun Nisaa, aya ya 29, tumekatazwa kula mali zetu baina yetu kwa batili, na ridhaa iliyotajwa pale ni ya biashara, ambamo kila mmoja hutoa kitu na kupata kitu. Katika dau mmoja hupata kwa sababu mwenzake amekosa. Anayesimama nyuma ya wachezaji hali yake ni ile ile, hata kama hakushika karata.

Ama karata zisizo na dau, wanazuoni wametofautiana, na si lengo langu leo. Imamu Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Uganda, aliuona mchezo wa sataranji kuwa makuruhu, si haramu, madhali hauna dau na hausahaulishi Sala. Mwenye kujiepusha kabisa amejikinga zaidi.

Wala tusijidanganye kwamba soda hubaki soda. Mkono uliozoea dau dogo hauoni ugeni kwenye duka la kubashiri mechi. Hata sheria ya nchi, ile ya mwaka 2016 inayosimamia bahati nasibu na michezo ya kamari, imemkataza aliye chini ya umri wa miaka 25 kucheza. Wengi wetu tumo humo.

Nilimwendea imamu wetu nikamwambia nimekusudia kumsamehe yule ndugu deni lake. Akaniuliza, "Deni gani?" Kilichotokana na kamari hakidaiwi, hakikuwa deni tangu siku ya kwanza. Mwenye kudaiwa nilikuwa mimi, kwa soda zote nilizokunywa za wenzangu. Nilichana daftari, nikarudisha nilichoweza kukumbuka, nikamwomba yule ndugu radhi. Alisamehe. Lakini alikaa wiki kadhaa kabla ya kurudi kwenye safu, na hizo sikuwa na njia ya kumrudishia.

Mbona njia za halali ni nyingi? Mwenye nacho awakaribishe wenzake bila sharti. Changeni sawasawa, mle sawasawa, ashinde atakayeshinda. Mashindano yakihitaji zawadi, itolewe na mtu asiyeshindana. Na hapa naisemea hata jumuiya yetu: tunapoandaa mpira, kila timu ikalipa kiingilio, kisha viingilio vile vile vikanunua mbuzi wa mshindi, tujiulize tofauti yake na ule mchezo wa ngamia ni ipi.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira na kupokewa na Bukhari na Muslim, ameagiza kwamba anayemwita mwenzake waje wacheze kamari, basi na atoe sadaka. Huyo ameita tu, bado hajacheza. Basi usiku wa leo, ukisikia ulimi wako unasema "kwa soda," inunue soda hiyo, umpelekee aliyelala na njaa katika hosteli yako. Na kama una daftari, lichane kabla ya Isha.

Allah atusafishie chumo letu, aziunganishe nyoyo zetu na safu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.