Kazi ya Kumjulisha Aliyeshiba

Siku moja katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, nilimwomba mama mmoja akabadilishe nguo. Jana yake alikuwa ameambiwa kwamba watu wa picha watakuja, naye akafanya ambalo mtu yeyote hulifanya akipata habari ya namna hiyo: akaoga, akamsuka binti yake, akatoa kitenge kilichokuwa kimekunjwa chini ya sanduku. Mimi nilikuwa mtu wa masoko katika shirika dogo la kuchangisha chakula, na niliona mara moja kwamba kitenge kile hakitaleta mchango. Nikamsihi kwa upole arudie kanga yake ya kila siku. Akaniuliza kama kuvaa vizuri ndiko kushiba. Kisha akaingia ndani, akabadilisha.

Mwenye njaa hana miiko, husema wahenga. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumsamehe au kumsuta mwenye njaa. Siku ile ilinigeukia mimi. Yule mama alikuwa na mwiko wake, kwamba mgeni hapokewi kwa nguo ya kuchotea maji. Aliyeuvunja alikuwa mtu aliyekunywa chai na chapati mbili asubuhi hiyo, Kasulu mjini.

Kuna jambo linaloitenga biashara hii ya kuchangisha na biashara nyingine nyingi. Anayenunua maharage sokoni Kasulu hutafuna punje moja kwanza ajue kama yamekauka. Yakimuunguzia kuni bila kuiva, kesho yake atarudi kugomba. Kwetu sisi anayelipa hali, na anayekula halipi. Mfadhili aliye mbali hataonja unga, hatajua kama una mchanga, wala hatajua kama njegere kavu zilizotolewa badala ya maharage zinakataa kuiva kwa kuni zilizopo. Anachonunua hasa ni usingizi wake mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa masoko hujikuta anamhudumia yule aliyeshiba, huku jina la mwenye njaa likiandikwa juu ya bahasha.

Hata neno letu linatusema. Wanaopokea msaada tunawaita “walengwa”. Neno hilo limetokana na kulenga, na vinavyolengwa kwa kawaida ni ndege, swala na adui. Kamera nayo hulenga. Katika taarifa za ofisini niliandika neno hilo mara nyingi bila kulisikia, hadi nilipolitamka mbele ya watu waliopanga foleni ya mgao na mzee mmoja akacheka, akasema basi wao wakae wima wasikoswe.

Tena kuna taabu ya rangi. Picha ya njaa ambayo dunia imezoea ina ardhi iliyopasuka, mifupa ya ng'ombe na vumbi. Nyanda za juu za Kigoma hazina hayo. Kuanzia Kasulu hadi Kibondo mvua hunyesha, migomba husimama nyuma ya nyumba, mihogo na maharage hustawi. Picha zetu zilirudishwa mara kadhaa na aliyezihariri akilalamika kwamba ni za kijani mno, hazifanani na njaa.

Nazo zilikuwa za njaa. Ila njaa ya hapa haitoki mawinguni. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015, Warundi walipoanza kumiminika baada ya machafuko ya kisiasa nchini mwao. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, wala hana shamba lake ng'ambo ya mpaka wa kambi. Anaiona mihogo ya mwenyeji, lakini anasubiri mgao. Mgao huo hutoka Mpango wa Chakula Duniani, WFP, shirika lililoanzishwa mwaka 1961 na ambalo huendeshwa kwa michango ya hiari tupu. Hakuna nchi inayolazimika kutoa. Kipimo kamili cha mtu mmoja ni kilokalori 2,100 kwa siku. Mwaka 2023 fedha zilipopungua, mgao wa kambi za Kigoma ulishushwa mwezi Machi kutoka asilimia 80 hadi 65 ya kipimo hicho, na Juni ukashuka tena hadi asilimia 50. Mwaka huo mahindi hayakuisha duniani. Iliyopungua ni hiari. Sasa niambie, hiari iliyopungua unaipigaje picha?

Sisemi picha ni haramu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alikwenda kupiga picha za njaa Korem nchini Ethiopia mwezi Oktoba 1984 pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Filamu waliyoileta iliamsha dunia. Tarehe 13 Julai 1985 London na Philadelphia ziliimba kutwa nzima katika matamasha ya kuchangia, na chakula kikaenda. Wako watu wanaoishi leo kwa sababu mwana wa Afrika Mashariki hakugeuza uso wala kamera. Lakini kwa miaka mingi baadaye Mhabeshi akijitaja ugenini aliulizwa habari za njaa kabla ya kuulizwa jina. Picha iliyowaokoa watu wake imemganda usoni.

Hapa kwetu picha ndogo kuliko hiyo iko milangoni. Ni gunia. Unga ukiisha, gunia huoshwa likawa pazia, mkeka, au tandiko la kuanikia mihogo, na maandishi ya aliyetoa hubaki yakisomeka mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, lilifungwa. Gunia halifungwi kwa amri. Jina la mtoaji laweza kudumu kuliko unga, kuliko hata shirika lenyewe. Jina la mlaji halijaandikwa popote ila kwenye kadi ya mgao.

Je, kazi hii ina maana, au ni udalali wa machozi? Nimelizungusha swali hili muda mrefu, na jibu nimelikuta katika methali nyingine: aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Tuisikilize vizuri. Haisemi hamhurumii. Huruma aliyeshiba anayo, na wakati mwingine inafurika. Anachokosa ni kujua. Mtu wa masoko ameajiriwa katikati ya methali hiyo, kati ya mwenye shibe na mwenye njaa, na kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nimewekwa pale nichote huruma. Huruma yaweza kupatikana bila kumjua mtu hata kidogo. Tena hupatikana kwa urahisi zaidi asipojulikana, akiwa macho makubwa tu na kanga iliyochakaa.

Kumjua ni kazi ndefu zaidi. Ni kujua kwamba yule mama huuza sehemu ya mgao apate dagaa na chumvi, na kwamba huo si wizi bali ni upishi. Ni kujua anavyoupima unga kwa kopo lake ili ufike mwisho wa mwezi, na siku unapogoma kufika. Na ni kujua kwamba alikuwa na kitenge, akakitunza, akakivaa kwa heshima yangu.

Tangu hapo nilijiwekea sharti moja. Maneno ninayoyaandika chini ya picha namsomea kwanza mwenye sura, kwa lugha anayoisikia. Akisema si kweli, nafuta. Akisema ni kweli lakini hataki majirani wayasikie, nafuta vilevile. Michango mingine imetupita kwa sababu hiyo, na wenzangu wamenilaumu. Wana haki ya kunilaumu, kwa maana mchango uliotupita ulikuwa unga wa mtu.

Nawe msomaji, utakapoonyeshwa picha ya mwenye njaa ukaombwa kutoa, toa. Lakini usiishie kwenye macho ya mtoto. Uliza mgao wao ni wa siku ngapi, na umebaki wa siku ngapi. Anayekuomba akikosa jibu, huyo naye hamjui.