Tetemeko la Ardhi na Ulimi wa Mwanadamu

Kila zifikapo habari kwamba ardhi imetetemeka katika nchi fulani, majumba yakaanguka na watu wakafukiwa, mabarazani mwetu husikika neno moja: "Wamelipwa kwa waliyoyatenda." Mwenye kulitamka hulitamka kwa utulivu, kikombe cha kahawa mkononi, kana kwamba daftari la amali za watu wale limefunuliwa mbele yake. Suali tutakalo kulitazama leo ni hili: Je, yatujuzia kuwahukumu hivyo waliofikwa na msiba? Na ikiwa haitujuzii, ni lipi litupasalo?

Tuchukue mfano mmoja ambao pwani yetu nayo iliuonja. Tarehe 26 Desemba 2004, saa 9 na dakika 58 za usiku kwa saa zetu, chini ya bahari karibu na Sumatra, mwamba wa ardhi ulipasuka kwa urefu wa kilomita zipatazo 1,300. Wenye elimu ya ardhi wameeleza sababu yake. Gamba la dunia si kitu kimoja, bali ni mapande makubwa yanayosogea polepole, sentimita chache kila mwaka. Huko Sumatra pande moja lajipenyeza chini ya jingine. Hukwama, hubanana miaka mingi, kisha siku moja huachia kwa ghafula. Sakafu ya bahari ikainuka, na maji yaliyokuwa juu yake yakaenda kila upande kwa mwendo wa ndege. Waliokufa walipita 220,000 katika nchi nyingi. Mawimbi yalipofika Afrika baada ya masaa mengi, Somalia walikufa karibu watu 300, Tanzania wasiopungua 10, na hapa Kenya mtu mmoja.

Waliopatwa zaidi walikuwa watu wa Aceh. Nao ni nani? Ni Waislamu, watu ambao nchi yao tangu zamani yaitwa Ukumbi wa Makka kwa sababu ya dini yao na wanazuoni wao. Walikufa humo wazee, watoto wanyonyao, na mahafidhi wa Kur'ani. Mwenye kusema kwamba hawa waliadhibiwa kwa uovu, na atuambie: ni uovu gani walioufanya wao, ambao sisi tuliosalimika hatuufanyi? Tena Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amemhesabu aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo kuwa miongoni mwa mashahidi. Basi vipi sisi tumwite mwenye dhambi aliyeadhibiwa, ilhali yeye amemwita shahidi?

Huenda mtu akatujibu: "Je, hamkusoma habari za Adi na Thamudi na watu wa Luti?" Tumezisoma, na twaziamini. Lakini habari zao tumezijua kwa wahyi. Watu wa Aceh wahyi gani umetushukia juu yao? Aliyejua sababu ya adhabu kwa kuambiwa na Mola wake si sawa na anayeikisia barazani. Wa pili adai ilimu ya ghaibu, na dai hilo si dogo.

Na tukumbuke siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, katika mwaka wa 10 wa Hijra. Jua lilipatwa, na watu wakasema kwamba limepatwa kwa kifo chake. Lau angalikuwa mtu mwenye kupenda makuu, angaliwaacha waseme. Yeye aliwakataza, akawafunza kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Kisha akawaamrisha sala na dua. Alikataza dhana wala hakukataza khofu ya Mungu. Huo ndio mwendo wetu.

Sasa tazama jambo lenye kutia fikira zaidi. Mbele ya pwani ya Sumatra kiko kisiwa kiitwacho Simeulue, karibu mno na mahali ulipopasuka mwamba. Mawimbi yalikifikia kwa muda wa dakika 8 hivi. Kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa ni 7 tu. Je, walikuwa wacha Mungu kuliko ndugu zao wa Aceh? La. Mwaka 1907 bahari iliwavamia na kuwaua wengi, na waliobaki wakawafunza watoto wao kwa hadithi na nyimbo: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikijivuta, usiokote samaki, kimbilia mlimani. Wakalipa jambo hilo jina, smong, na bibi akampa mjukuu kwa muda wa karibu miaka 100. Ilimu iliyohifadhiwa ikawa sababu ya uhai.

Wako na wengine wasemao kwamba maadamu sababu imejulikana, hapana tena haja ya kumtaja Mungu. Hao nao wamekosea. Ajuaye kwamba wali huiva kwa moto hakuondokewa na wajibu wa kumshukuru Mwenye kuruzuku. Sababu ni kazi Yake, na kuichunguza ni kuitazama kazi hiyo kwa karibu.

Ewe ndugu msomaji, kuta za nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokuwa hai chini ya bahari miaka ipatayo 125,000 iliyopita. Nchi tunayoikanyaga ilikuwa bahari. Twapita mbele ya kuta hizo kila siku twendapo msikitini. Je, tumepata kuwaeleza watoto wetu? Tumewafunza kwamba bahari ikirudi nyuma kwa ghafula, si wakati wa kutazama bali wa kukimbia mahali pa juu, wala wasirejee baada ya wimbi la kwanza, kwani huja mengine?

Tukishindwa kuwafunza, kisha wakafa, hapo ndipo patakuwa na mtu wa kuulizwa, naye si yule aliyekufa. Basi tuuzuie ulimi kwa maiti, tuutumie kwa walio hai. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atupe ilimu yenye manufaa. Amin.