Mwanangu, Soma Kabla ya Kusaini

Wanangu, nimechoka kuwasindikiza pale Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mkiwa mmeshachelewa. Kijana anakuja na barua ya kuachishwa kazi imekunjwa mara nne. Ulipewa lini? Mwezi wa tatu. Leo ni wa saba. "Mzee, bosi alisema nisubiri, ataniita."

Hakukuita. Huku Tanzania Bara, aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufikisha mgogoro wake Tume. Madai mengine, kama mshahara uliozuiliwa, siku 60. Ukipitisha, utaomba kuongezewa muda na utaulizwa sababu. Kungoja hasira za bosi zipoe si sababu ya maana.

Linaloniuma zaidi ni lile la Ijumaa jioni. Unaitwa ofisini, mlango unafungwa, unasukumiwa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: "Naacha kazi kwa hiari yangu." Afisa utumishi anakwambia kwa upole, saini tu, tusiharibiane majina, chako utapata. Nawe, kwa haya zetu hizi za kutotaka kumbishia mkubwa, unasaini. Sasa sikiliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwenye mwaka mmoja kazini au zaidi kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Lakini kinamhusu aliyeachishwa na mwajiri. Wewe wa miaka sita umeacha mezani mshahara wa siku 42, pamoja na notisi ya siku 28 ya anayelipwa kwa mwezi, kisha unakuja kwangu kulia kwamba ulilazimishwa. Ushahidi uko wapi? Saini ni yako.

Sema hivi: "Shikamoo bosi, naomba nikaisome nyumbani." Huo si utovu wa adabu.

Na wewe usiye na mkataba wa maandishi, usikate tamaa. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri; asipoyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Hata hivyo tunza hati za mshahara, kitambulisho na jumbe za simu.

Mkifika kwa msuluhishi, mkikubaliana na kusaini, mmemalizana. Hakuna kurudi wiki ijayo kudai nyongeza. Kwa hiyo piga hesabu yako usiku wa kuamkia siku hiyo: notisi, likizo, kiinua mgongo, kila kimoja kwa shilingi zake. Nawaomba sana, msiende na maneno matupu.