Shimo Ambalo Hatukulifukia

Somo letu ni Kutoka 21:28-34.

Siku ya Noeli mwaka 2007, huko San Francisco, Marekani, chui milia, mnyama mkubwa kama simba, aliruka nje ya ua wake katika bustani ya wanyama. Akamwua kijana wa miaka 17, akajeruhi wenzake wawili. Polisi wakampiga risasi. Mara maneno yakaanza: vijana wale walimchokoza! Wengine wakamlilia mnyama kuliko mtoto wa watu.

Huenda walimchokoza, hatubishi. Lakini ukuta ulipopimwa ulikuwa chini ya mita 4, na bustani za nchi ile zilishauriwa mita 5. Tena mnyama huyohuyo alikuwa amemjeruhi mtunzaji wake mkono, Desemba 2006. Sheria ya Musa inamtazama mwenye ng'ombe aliyeonywa kwamba ng'ombe wake hupiga watu pembe, naye asimfunge. Haianzi kwa kumhoji marehemu.

Nasi je? Mtoto alipotumbukia katika shimo la udongo wa matofali akavunjika mguu, tuliuliza, "Mama yake alikuwa wapi?" Alikuwa kwenye foleni ya posho. Na shimo lile tulilichimba sisi wenyewe, tukijenga kanisa, tukaliacha wazi. Someni mstari wa 33.

Wazee wa kanisa pamoja na mchungaji tumekwenda kwa mama yule kuomba msamaha. Jumamosi asubuhi tunafukia. Njooni na majembe.