Nani Hulipa Nauli Yetu?

Tangu tulipostaafu kufundisha katika chuo cha ualimu tumejizoeza kuuzunguka mji wetu wa Mombasa kwa baiskeli. Juma lililopita tuliteremka hadi feri ya Likoni asubuhi, pamoja na wachuuzi, wanafunzi na vijana wa mikokoteni. Feri zimevusha watu hapo tangu mwaka 1937. Mwenye gari hulipa. Aendaye kwa miguu halipi. Nasi tulivuka bila kutoa hata senti, tukapanda Barabara ya Nyerere hadi ya Digo, tukafika Marikiti.

Pale mama mmoja alikuwa na mafungu ya maembe. Alitaka shilingi 100. Sisi tukataja 50. Tulivutana, tukacheka, mwisho akasema, "Haya, mwalimu, lete 60. Jua limepanda, na maembe hayangoji." Tukaondoka tumefurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Furaha hiyo ilikwisha tulipokuwa tukirudi kwenye feri. Miaka mingi tulifundisha hesabu, lakini hesabu ya siku ile ilitushinda. Mtu atasema kupatana bei ni desturi yetu, na muuzaji hupandisha akijua atashushwa. Ni kweli. Kupatana ni mazungumzo, na asiyepatana huonekana ana majivuno. Lakini yule mama hakukubali 60 kwa kuwa ndiyo bei ya haki. Alikubali kwa kuwa maembe yangeoza, nasi tulilijua hilo. Hapo hatukupatana naye. Tuliutumia uhitaji wake. Na katika duka lenye bei zilizobandikwa, mbona tunalipa kimya?

Tena, asubuhi ileile tulivushwa bure, na bure hiyo si bure: wenye magari na hazina ya umma walitulipia. Tulifanana na yule mtumishi aliyesamehewa deni kubwa, kisha akamkaba koo mwenziwe kwa deni dogo.

Hatusemi tuache kupatana. Twasema tujiulize kwanza: kama sisi ndio tungekuwa tumekaa nyuma ya fungu lile, je, bei hiyo tungeiita haki?

Jumanne tulivuka tena, tukampelekea shilingi zake 40. Alizipokea, akacheka, akatuongezea embe moja.