Wema wa Kisu na Wema wa Mtu

Katika maneno ya sifa wanayoyatumia Waingereza tangu asubuhi hadi usiku, ni machache yaliyozungushwa vinywani mwao kama good. Kwalo huamkiana, kwalo husifu chai na hali ya hewa, na kwalo zamani walimwita mtu waliyemwona duni "my good man", si kwa kumshuhudia wema wowote, bali kwa kumjulisha kwamba anayesema naye yuko juu yake. Na wasemapo "a good mile", muradi wao ni maili nzima na ziada, ingawa aliyeitembea kwa miguu katika jua la adhuhuri hatauona wema wake uko wapi.

Neno lililotapanyika namna hiyo lingestahili kupuuzwa na wanafalsafa, walakini limewashughulisha mno. Mwaka 1903 G. E. Moore wa Cambridge, katika kitabu chake Principia Ethica, alishikilia kwamba wema haufasiliki: farasi aweza kuelezwa kwa kutajwa viungo vyake, ilhali rangi ya manjano haielezeki kwa asiyepata kuiona, na wema, kwa rai yake, ni mfano wa manjano hiyo, sifa moja isiyogawanyika, ambayo akili ama huitambua ama haiitambui.

Ilipofika mwaka 1956, mwanafalsafa Peter Geach aliipinga rai hiyo katika makala fupi iliyotoka katika jarida la Analysis. Tuseme kitu kinakuja kwa mbali. Mimi nauona wekundu wake nisijue ni kitu gani, na mwenzangu, mwenye macho makali lakini asiyepambanua rangi, atambua kuwa ni gari. Tukiunganisha ushahidi wetu, tumekwisha pata gari jekundu. Je, yamkini mmoja auone wema peke yake, wa pili alione gari, kisha wakikutana wapate gari jema? Haiyamkini kabisa, kwa kuwa hapana wema utanguliao kujulikana kabla ya kujulikana kitu chenyewe.

Mimi naona Geach ameshinda. Kitazame kisu cha muuza samaki: ubapa wake mwembamba, makali yamenolewa hata yamebonyea katikati, ncha yapinda kidogo ikifuata mfupa wa nguru pasipo kuacha nyama nyuma, hicho ni kisu chema, na lau ungekitwaa kufulia dafu kingevunjika kwa pigo la kwanza, usiwe na haki ya kukilaumu.

Taabu yaanza tufikapo kwa mwanadamu. Waingereza husema bila haya "a good thief", na huyo kadiri azidivyo kuwa hodari katika wizi wake ndivyo azidivyo kuwa mbaya katika utu wake. Kumbe basi mtu ana kipimo kingine, zaidi ya ufundi wake. Aristotle alikitafuta kipimo hicho katika kazi imhusuyo mwanadamu kwa kuwa ni mwanadamu, akasema ni kuishi kwa kufuata akili. Jawabu hilo ni la heshima, lakini haliniridhishi, maana kisu kina mhunzi aliyekusudia kitumike kwa kazi gani, ilhali kwa mtu hatuna mhunzi wa kumwuliza, na mwizi naye ana akili, tena ya kutosha. Geach alithibitisha kwamba good bila jina la kitu haisemi neno. Mtu ni kitu cha namna gani, hilo bado lina mjadala, nami sijaona aliyelikata.