Mkongwe Akirudi Uwanjani

Tarehe 27 Desemba 2001, Michael Jordan, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Washington Wizards mwenye umri wa miaka 38, alifunga pointi 6 tu dhidi ya Indiana. Kabla ya hapo alikuwa amecheza mechi 866 mfululizo bila kukosa kufikisha pointi 10. Siku mbili baadaye akawafunga Charlotte pointi 51. Mtu ni yuleyule, na magoti ni yaleyale. Kila anayebishana kuhusu wakongwe wanaostaafu kisha wakarudi hushika mechi moja kati ya hizo mbili, nyingine akajifanya hakuiona.

Wapinzani husema alijiharibia jina. Alikuwa amekwisha kuaga kwa kishindo: Juni 1998, mjini Salt Lake City, mpira wake wa mwisho akiwa na Chicago ulizama kikapuni zikiwa zimebaki sekunde 5 hivi, na taji la sita likapatikana. Ya nini tena kwenda kuhangaika na timu dhaifu? Hoja hiyo naiona nyepesi. Sifa si kanzu nyeupe, iingie doa basi ikae kabatini. Lililotendeka 1998 limekwisha kutendeka, na hakuna mechi ya 2003 inayoweza kulitendua. Kinachochafuka ni picha tuliyoitundika sisi watazamaji, nasi hatuna haki ya kumdai mtu aliye hai abaki ndani ya picha hiyo ili tusisikitike. Nashuku hata kwamba tunachokiogopa ni uzee wetu wenyewe, tukitaka yeye atufichie.

Lakini kutoka hapo hadi kusema “basi, akitaka arudi” pana hatua tunayoiruka. Timu huingiza wachezaji watano tu kwa wakati mmoja, na dakika anazopewa mkongwe amenyimwa mwingine. Jordan alitokea ofisini. Alikuwa mkuu wa masuala ya mpira wa kikapu wa Wizards na mmiliki mwenza, ikabidi aachie cheo na hisa ndipo avae jezi. Hata hivyo, kocha Doug Collins alikuwa ameletwa na yeye. Kwame Brown, kijana wa miaka 19 aliyetoka sekondari na kuteuliwa wa kwanza kati ya chipukizi wote wa 2001, aliteuliwa na yeye. Nani kati yao angethubutu kumwambia akae benchi? Richard Hamilton, mfungaji kijana aliyekuwa akichipukia, alipelekwa Detroit mwaka 2002, na 2004 akatwaa ubingwa huko. Wizards walishinda mechi 37 na kupoteza 45 katika kila msimu kati ya miwili ya Jordan. Mtoano waliusikia kwa jirani.

Magic Johnson, mkongwe wa Lakers, ni habari nyingine. Novemba 1991 alitangaza kwamba ana virusi vya UKIMWI, akastaafu. Mwaka uliofuata alijaribu kurudi, baadhi ya wachezaji wakaonyesha hofu ya kuambukizwa, akaacha hata kabla msimu haujaanza. Januari 1996, akiwa na miaka 36, alirudi Lakers akiwa mnene zaidi, akicheza nafasi isiyo yake ya zamani, na mara nyingi akianzia benchi. Alicheza mechi 32 za msimu wa kawaida, taji hakupata. Alichopata ni kuondoka kwa hiari yake, si kwa hofu ya wenzake. Kwangu hilo linatosha kuhalalisha mechi zote 32.

Kwa hiyo umri si hoja, wala jina si hoja. Mkongwe na arudi, mradi awepo mtu mwenye uwezo wa kumtoa uwanjani siku asipofaa. Jordan hakuwa naye. Mei 2003, msimu ulipokwisha, alikwenda kwa mmiliki wa timu, Abe Pollin, akitarajia kurudishiwa kiti chake cha ofisini. Pollin akamwambia hamhitaji tena.